Nani Aliyeizungusha Mihimili?

Saa moja asubuhi ya Mswahili ndiyo saa saba ya Mwingereza, na hakuna kati yao anayedanganya. Jua ni lile lile, kivuli ni kile kile. Ukiuchukua uso wa saa ya ukutani ukauzungusha nusu duara, saa ya mmoja inakuwa saa ya mwenziwe, na hakuna dakika inayopotea njiani. Sisi tulianza kuhesabu kunapokucha, wao wakaanza usiku wa manane. Na tulikuwa na sababu: karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo macheo ni mahali pa kuaminika pa kuanzia hesabu. Jijini London, ambako jua la Juni hutoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri na la Desemba hungoja mpaka saa mbili asubuhi ipite, saa ya Kiswahili ingekuwa kero.

Mizunguko yote miwili inabeba ukweli ule ule, lakini haibebi urahisi ule ule. Nani basi anaamua ni urahisi upi ufuatwe, na kwa faida ya nani? Kwenye saa swali hili ni dogo. Nataka kulifuata mpaka mahali ambapo linawahusu watoto.

Mahali penyewe ni hesabu ambayo wanasaikolojia na watafiti wa elimu wameitumia kwa zaidi ya miaka mia moja. Unawapa watu wengi majaribio mengi. Unatazama ni majaribio yapi yanayokwenda pamoja: anayefaulu hili, je, hufaulu na lile? Kila jozi ya majaribio unaipa namba ya uwiano, na namba hizo zote unazipanga kwenye jedwali la safu na nguzo, lile ambalo wanahisabati huliita matriksi. Kisha unauliza: je, nyuma ya majaribio haya mengi kuna vitu vichache tu vinavyoyaendesha? Kila kitu fiche unachokisia unakichora kama mhimili, na kila jaribio linakuwa nukta kati ya mihimili hiyo.

Mwaka 1904 Charles Spearman, Mwingereza aliyekuwa mwanajeshi kabla ya kuwa mwanasaikolojia, aliona kwamba alama za masomo mbalimbali zina tabia ya kupanda na kushuka pamoja. Akasema nyuma yake kuna kitu kimoja, akakiita kwa herufi moja tu, g, yaani akili ya jumla. Baadaye alikifikiria kama aina ya nishati ya ubongo. Miaka ya 1930, Louis Thurstone wa Chuo Kikuu cha Chicago alichukua hesabu ya namna hiyo hiyo, akaizungusha mihimili, na ile g ikatoweka. Mahali pake vilisimama vipaji saba: kuelewa maneno, wepesi wa kuyapata maneno, namba, kuona maumbo akilini, kumbukumbu, kasi ya kutambua na kufikiri kwa mantiki.

Hapa lazima nishike kalamu na karatasi kidogo. Msomaji asiyependa namba anivumilie kwa aya tatu tu. Bila hizo namba, mabishano haya yanageuka porojo za mkahawani, ambako kila mtu ana maoni kuhusu akili za watoto wa jirani.

Tuseme tuna masomo manne: Kiswahili, Kiingereza, hisabati na fizikia. Namba nazitunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Katika mchoro wa kwanza, masomo yote manne yana uzito wa 0.7 kwenye mhimili wa kwanza. Kwenye mhimili wa pili, lugha mbili zina 0.5 na zile sayansi mbili zina 0.5 upande wa hasi. Mchoro huu unasimulia hivi: kuna kitu kimoja kikubwa ambacho masomo yote yanakishiriki, na kuna mvutano mdogo kati ya lugha na sayansi. Spearman angetabasamu.

Sasa zungusha mihimili nyuzi 45. Nukta haziguswi, zimebaki pale pale kwenye karatasi. Lakini ukizisoma upya, lugha zina karibu 0.85 kwenye mhimili mmoja na 0.14 tu kwenye wa pili, na sayansi ni kinyume chake. Mchoro unasimulia kisa kingine kabisa: kuna kipaji cha lugha, kuna kipaji cha sayansi, na kile kitu kikubwa cha jumla hakipo. Tafuta sasa uwiano kati ya Kiswahili na Kiingereza: katika mchoro wa kwanza ni 0.49 kujumlisha 0.25, yaani 0.74, katika wa pili ni 0.72 kujumlisha 0.02, yaani 0.74 ile ile. Kati ya Kiswahili na hisabati ni 0.24 kotekote. Yote uliyoyapima darasani yanatoka sawa, kwa pembe yoyote. Ukiwarudia wanafunzi ukawapa majaribio yale yale mara elfu, bado hutapata jibu la pembe ipi ni ya kweli.

Pembe inachaguliwaje, basi? Kwa kuweka kanuni, kisha kuitafutia kilele. Kanuni ya kwanza inasema: mhimili wa kwanza uchukue mzigo mkubwa kadiri iwezekanavyo. Ukijumlisha miraba ya uzito, mchoro wa kwanza unaupa mhimili huo 1.96 kati ya 2.96, na hakuna pembe inayozidi hapo. Baada ya kuzungusha nyuzi 45 mihimili inagawana nusu kwa nusu, 1.48 kila mmoja. Kanuni ya pili ilitolewa na Henry Kaiser katika jarida la Psychometrika mwaka 1958, nayo ndiyo inayotumika sana mpaka leo: kwenye kila mhimili, miraba ya uzito itawanyike kadiri iwezekanavyo, mikubwa iwe mikubwa na midogo iwe midogo, ili kila mhimili ujue masomo yake. Kwa kanuni hiyo mchoro wa kwanza unapata sifuri, sifuri kamili, kwa sababu miraba yote ya mhimili mmoja ni sawa. Mchoro wa pili unapata 0.245, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Kilele cha kanuni moja ni bonde la nyingine.

Nilipoliona hilo mara ya kwanza niliiweka kalamu chini. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba ukitafuta jibu bora kwa uangalifu wa kutosha, uangalifu wenyewe utakufikisha kwenye ukweli. Kumbe uangalifu unakufikisha kwenye kilele cha mlima ambao umeuchagua kabla ya kuanza kupanda.

Kabla ya Kaiser, wafuasi wa Thurstone walizungusha mihimili kwa macho na mikono, jozi baada ya jozi, kwenye karatasi za grafu. Kazi hiyo ilichosha, tena wachambuzi wawili waliweza kutoka na michoro miwili. Ilipokuja kanuni ya kuandikika kwa fomula, kompyuta ilichukua kazi: inashika mihimili miwili, inatafuta pembe bora kwa jozi hiyo, inahamia jozi nyingine, na inapozimaliza zote inarudi mwanzo, mpaka hakuna mzunguko unaoongeza kitu. Mihimili saba ni jozi 21, na mashine inazipitia kabla hujameza mate. Faida ni kubwa. Mtu mwingine akiwa na data yako atapata jibu lako. Lakini kuna kitu kilichojificha ndani ya wepesi huo. Zamani, aliyeshika rula na penseli alijua kwamba yeye ndiye anayezungusha. Siku hizi kanuni imekaa kwenye menyu ya programu, mara nyingi imeshawekewa alama ya kukubali, na mtafiti anaandika kwamba uchanganuzi "umeonyesha" vipengele vitatu. Umeonyesha! Kama vile mihimili ilikuwa imelala mchangani na maji yakapwa.

Kosa la kukigeuza kilichokokotolewa kuwa kitu kilichopo ndilo Stephen Jay Gould alilolishambulia katika kitabu chake The Mismeasure of Man cha 1981. Alisema, kwa ufupi, kwamba g ikiwa inakuja na kuondoka kwa kuzungusha mihimili, basi haiwezi kuwa kitu kilichokaa ndani ya kichwa cha mtu kikisubiri kupimwa. Nilipokuwa chuoni tulikipitisha kitabu hicho mkono kwa mkono mpaka jalada likaachana na kurasa. Kilitufaa, kwa kuwa historia ya vipimo hivi kwetu si hadithi ya mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, R. A. C. Oliver alikuja Afrika Mashariki akatunga jaribio la akili mahususi kwa Waafrika. Miaka hiyo hiyo, huko Nairobi, Daktari H. L. Gordon alihubiri kwamba ubongo wa Mwafrika una upungufu, na mwaka 1934 F. W. Vint alichapisha makala kuhusu ubongo wa "mwenyeji wa Kenya" baada ya kuwapima marehemu. Swali lililokuwa nyuma ya haya yote halikuwa la maabara. Lilikuwa kama inafaa kugharamia shule za watoto wa Kiafrika, na za kiwango gani.

Hata hivyo, sikubaliani na Gould mpaka mwisho. Hoja yake inakata kuwili. Kama g haina uhai kwa sababu mzunguko mwingine unaiondoa, basi vile vipaji saba vya Thurstone navyo havina uhai, kwa sababu mzunguko mwingine unaviondoa. Huwezi kuitumia hoja hiyo dhidi ya mhimili usioupenda, kisha ukauingiza ule unaoupenda kwa mlango wa nyuma. Na Thurstone mwenyewe, alipoiruhusu mihimili isisimame wima kati yao bali iinamiane kidogo, alikuta kwamba vipaji vyake vina uwiano wao kwa wao, na nyuma ya uwiano huo g ikachungulia tena kutoka ghorofa ya juu. Mabishano yalipoa bila mshindi.

Isitoshe, si kila mhimili ni chaguo letu tu. Chukua kitabu kigumu, kifunge kwa mpira kisifunguke, kirushe juu kikizunguka. Kitabu kina mihimili mitatu ya kuzungukia. Miwili kati yake imetulia: kitazunguka vizuri na kurudi mkononi. Ule wa katikati hautulii. Kitabu kitapinduka hewani hata ujitahidi vipi. Hapo mihimili imewekwa na kitabu chenyewe, na ukichora mingine kwenye karatasi yako, kitabu hakitakusikiliza. Kwa hiyo ninapokutana na mhimili wowote ninauliza: ukiusimamia, kuna kinachopinduka? Kwenye akili jibu limechanganyika. Kuna watu waliopata kiharusi wakapoteza maneno na bado wanachora ramani ya mtaa wao bila kukosea. Hilo linampa Thurstone nguvu. Na kuna ukweli kwamba alama ya jumla hubashiri matokeo ya shule kwa kiasi cha kutosha. Hilo linampa nguvu Spearman. Maumbile yanaonekana kusema kidogo hapa na kidogo pale, kisha yananyamaza. Na pale yanaponyamaza, mtu ndiye anayesema. Mimi nina shida na yule mtu anayesema kwa sauti ya maumbile.

Kwa muda fulani kazi yangu ilikuwa kuchambua alama za wanafunzi kwa mradi mmoja wa elimu hapa Pwani. Siku moja tulikaa ukumbini na walimu na wazazi, nikawaonyesha michoro, na nikaeleza habari ya kuzungusha kwa namna ninayoieleza hapa, ila kwa maneno machache zaidi na vidole vingi zaidi hewani. Mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa kofia ya kiua, aliinua mkono.

"Binti yangu, nisamehe. Ukizungusha hiyo kitu, mjukuu wangu anageuka?"

"Hageuki, Mwalimu. Yeye ni yule yule. Tunageuza pale tunaposimama tukimtazama."

"Na nafasi yake ya shule? Hiyo inageuka?"

"Nafasi inaweza kugeuka, Mwalimu."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei.

Niliporudi nyumbani nilitengeneza mfano wa kuitazama ile bei. Watoto watatu, nafasi mbili. Wa kwanza ana 90 katika lugha na 40 katika sayansi. Wa pili ana 40 na 90. Wa tatu ana 68 na 68. Ukisimama kwenye mhimili wa jumla, wa tatu anaongoza kwa 136, na wale wawili wamefungana kwa 130. Mmoja wao atabaki nje kwa kurushwa shilingi. Ukisimama kwenye mihimili miwili, nafasi moja kwa kila mhimili, wa kwanza na wa pili wanaingia, na yule wa 68 anabaki nje akiwa hajaharibu popote. Hakuna jibu la tatu lililofichwa ndani ya data. Ungeweza kuwapima watoto hao mpaka wazeeke.

Basi haki iko wapi? Baadhi ya rafiki zangu husema kwamba kama data haichagui, basi chaguo lolote ni sawa, na twende na linalorahisisha kazi ya ofisi. Mimi naona ni kinyume. Pale data inapochagua, mchambuzi hana lawama: ametii. Pale isipochagua, lawama yote ni yake, na hawezi kuipeleka kwa mashine. Daktari anayekata mguu kwa sababu hakuna njia nyingine hatuulizi kwa nini. Anayekata huku akiwa na njia mbili zenye nafasi sawa ya kufaulu, mgonjwa ana haki ya kuambiwa kwamba njia zilikuwa mbili. Na huyu mgonjwa wetu ana miaka kumi na tatu au kumi na nne, wala hakuombwa saini.

Najua jibu la upande wa pili, kwa sababu nimelitoa mwenyewe mezani nikiwa nimechoka: wazazi hawataki kusikia habari za mihimili, wanataka kujua kama mtoto amefaulu. Ni kweli. Lakini kutotaka kusikia maelezo si sawa na kukubali kutoelezwa. Mzee wa kofia aliuliza maswali mawili na alikuwa amefika kwenye kiini kabla ya wenzangu wawili wenye shahada za juu.

Kuna jambo jingine ambalo lilinichukua muda kulitia maanani, nalo linaniumiza zaidi kuliko la pembe. Mzunguko unafanyika ndani ya jedwali. Zungusha utakavyo, hutapata kamwe mhimili wa kitu ambacho hukukipima. Mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Usenge, kijiji cha Nyanza kwenye Ziwa Victoria, kwa watoto 85. Pamoja na majaribio ya kawaida ya msamiati na masomo, waliwapima watoto ujuzi wa dawa za mitishamba: jani lipi kwa ugonjwa upi, kwa kiasi gani. Kijijini humo minyoo na maradhi ya vimelea ni jambo la kila siku, kwa hiyo ujuzi huu si pambo. Waliona kwamba ujuzi huo haukwenda sambamba na alama za shule. Mahali pengine ulikwenda kinyume chake. Aliyejua dawa zaidi alielekea kupata chini zaidi. Maelezo moja waliyoyatoa ni kwamba familia nyingine huona faida katika shule, nyingine huona faida katika ujuzi wa nyumbani, na mtoto hufuata kule anakoelekezwa.

Katika utafiti mwingine wa wakati huo kuhusu Wajaluo, watafiti waliwauliza watu wanaelewa nini kwa akili. Hawakupewa neno moja. Walipewa manne: rieko, luoro, winjo na paro, yanayohusu ujuzi, heshima, kuelewa namna ya kuishi na mambo, na kuanzisha jambo. Kati ya hayo, rieko ndiyo iliyokaribiana na kile shule inachokipima. Sasa fikiria mchambuzi hodari, mwaminifu kabisa, aliyepewa jedwali la alama za mitihani ya shule peke yake. Anaweza kueleza kanuni yake, akachapisha michoro yote miwili, akatuomba maoni. Luoro haitatokea kwenye karatasi yake kwa pembe yoyote. Na mtoto mwenye luoro nyingi na rieko ya kawaida ataandikwa kuwa wa kawaida, kwa uaminifu wote.

Hesabu haina lawama hapo. Hata Kiswahili chenyewe kina akili, busara, werevu, ujanja na hekima, na kila mama anajua ni lipi kati ya hayo mwanawe analo na lipi hana. Shule ilichagua moja ikalipa kitabu cha alama.

Kenya sasa tuko katikati ya mzunguko mkubwa, ingawa hakuna anayeuita hivyo. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, katika miaka yake ya mwisho ulijumlishwa kwa alama 500: masomo matano, mia kwa kila moja. Kujumlisha ni mhimili. Ni kuamua kwamba alama moja ya Kiswahili na alama moja ya sayansi zina thamani moja na zinaweza kubadilishana kama noti za benki. Namba hiyo moja ndiyo iliyoamua shule ya sekondari, na wengi wetu tunaikumbuka mpaka leo kuliko nambari ya kitambulisho. Chini ya mtaala wa umilisi, mwanafunzi wa sekondari ya juu anafuata mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kutoka mhimili mmoja tumekwenda kwenye mitatu. Thurstone angetabasamu safari hii.

Ninauunga mkono mtaala huu zaidi kuliko ninavyoupinga, nami nina hofu. Uingereza ilipitia jambo linalofanana. Ripoti ya Norwood ya 1943 ilizungumzia aina tatu za watoto, na baada ya Sheria ya Elimu ya 1944 kulikusudiwa kuwa na aina tatu za sekondari: za kitaaluma, za ufundi na za kawaida. Kwa maneno zote zilikuwa na heshima sawa. Kwa vitendo, mtihani wa umri wa miaka kumi na mmoja uliwapanga watoto kwenye ngazi moja, shule za ufundi zilibaki chache, na aliyepelekwa shule ya kawaida alijua, na mtaa mzima ulijua, kwamba ameanguka. Kwenye karatasi kuzungusha mihimili hakubadili urefu wa kitu chochote. Aliye mbali na kitovu anabaki mbali vile vile, uelekeo wowote ule. Jamii haina uaminifu huo. Inachukua mihimili mitatu inayolingana, inasimamisha mmoja wima na kuilaza mingine miwili. Wasikilize wajomba kwenye harusi wakiulizana watoto wa nani wako mkondo gani, halafu sikia ni mkondo upi unaotajwa kwa sauti.

Na ninamfikiria yule mtoto wa 68 na 68. Chini ya alama 500 alikuwa na maisha mazuri, jumla ilimpenda. Sasa anatakiwa aseme yeye ni wa upande upi, na kusema kweli yuko katikati kabisa, nyuzi 45 kutoka kila upande. Anapenda kusoma riwaya na anapenda kufungua redio mbovu. Walimu wake watamshauri, mama yake atamshauri, na kompyuta ya mahali fulani itampangia shule. Kwenye orodha ya mikondo, mahali anaposimama yeye hapana jina.